Bomba la Nchi Nne

Miaka ishirini na saba nilisoma mita za maji,
Tabata mpaka Segerea, kwa miguu,
nikifunua vifuniko vya chuma kwa bisibisi,
nikikuta mende, nge, mara moja pete ya ndoa,
na tarakimu zikizunguka gizani taratibu.
Leo nalea mmea usiotaka maji.
Cheka. Hata mimi nilicheka.

Aliuleta Mwasiti, binti wa marehemu dada yangu,
dereva wa lori la masafa, la kuvuka Tunduma
hadi huko kwenye jangwa la Namibu.
Ilikuwa miwili, ndani ya kopo la majarini,
kila mmoja mdogo kama kifungo cha shati,
kijani kilichochujuka, bila mwiba, bila majivuno.
"Mjomba, usiipende sana," akasema,
akapiga honi, akashika njia ya Kurasini.

Wa kwanza niliupenda sana.
Niliunywesha kila asubuhi kama mtu anayesalimia,
na jiji likaunywesha usiku:
joto la Februari, ukuta unaotoka jasho,
shuka lisilokauka kambani.
Siku ya tisa niliugusa, ukabonyea kama ndizi ya juzi.
Nilipouchimbua nikaliona kosa langu:
chini ya kifungo kile palikuwa na mzizi mmoja,
mnene juu, mwembamba chini, kama karoti ya Lushoto,
umejikunja mara mbili kwenye sakafu ya kopo
ukitafuta kina ambacho sikuupa.

Wa pili nikaukatia bomba.
Bomba jeusi la nchi nne, futi moja na nusu,
kipande kilichobaki kazini
(sikuiba; kilibaki).
Chini nikafunga wavu wa dirisha kwa waya.
Mchanga wa mto, si wa pwani, chumvi ingeuchoma;
tofali la kuchoma nikaliponda kwa nyundo;
kokoto ndogo kama punje za kunde;
udongo mweusi kiganja kimoja tu, kwa heshima.
Nikatoboa shimo kwa mpini wa mwiko,
nikaushusha mzizi wima, pumzi nimeibana.
Kisha kazi ngumu kuliko zote:
nikakaa.

Masika yalipokuja niliuweka ndani,
juu ya friji iliyokufa, karibu na dirisha.
Mvua ikalipiga bati, hatukusikia redio wala adhana,
na bombani mgao, wiki ya pili mfululizo.
Bi Stamili wa chumba cha pili akapita na ndoo zake:
"Baba Rehani, huo mche unaufungisha bila futari?"
Nikamwambia hunywa mara moja kwa mwezi.
Akaguna: "Huo ndio ungekuwa mume."

Juni ukazama.
Kweli, ukazama: mzizi uliuvuta mwili chini ya mchanga,
pakabaki doa.
Nilinyanyua kikombe, nikakirudisha.
Kwenye daftari langu la kazi, lenye safu mbili,
nikaandika: usomaji uliopita, sifuri;
usomaji wa sasa, sifuri.
Nazijua mita zilizoganda.
Nyingine zimekufa. Nyingine,
wenye nyumba wamesafiri tu.

Septemba mwenye nyumba akataka chumba chake.
Miaka kumi na moja, na notisi ya mdomo,
mlangoni, akitafuna karanga.
Kitanda, meza, masufuria vikapanda kirikuu.
Bomba nikalipakata mwenyewe, wima, hadi Chanika,
kila tuta la barabarani nikilisikia tumboni.
Dereva akauliza ndani mna nini.
"Mchanga," nikasema.
Akanitazama, akaongeza mwendo.

Huku maji ya jiji hayajafika.
Hakuna mita ya kusoma mtaa mzima.
Jana saa kumi jioni nikavaa miwani,
nikaliinamia bomba kama nilivyoinamia mashimo yale,
nikapuliza vumbi polepole.
Ufa. Mwembamba kama unywele, na ndani yake rangi
ambayo daftari langu halina safu yake.

Nikautia maji, kijiko kimoja.
Kisha nikajuta.
Kisha sikujuta.